Ndugu wa Marehemu Maison Consolation

Kifuniko cha jeneza kiliinuka, na ndani hamkuwa na maiti.

Mlikuwa na kibao. Kibao kirefu cha bati, kimelazwa juu ya satini nyeupe kwa heshima zote, na herufi zake za rangi ya dhahabu zilisomeka vizuri tu: MAISON CONSOLATION, TUKO PAMOJA MU MAJONZI.

Jean-Luc Banza alikiachia kifuniko kikajifunga chenyewe. Herufi zile alizichagua yeye. Kibao kile alikitupa yeye, kwenye lundo la takataka nyuma ya bohari, na hakutarajia kukiona tena kabla ya siku ya kiyama, seuze asubuhi ya uzinduzi, mbele ya wageni waliovaa tai.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilikufungia samaki wa ziwa la Tshangalele kabla hujalisoma, mambo yako hivi.

Maison Consolation, yaani Nyumba ya Faraja, ilikuwa nyumba ya misiba. Ukifiwa Likasi, uwe Kikula au Panda, unaipigia simu, inakuletea viti, hema, gari la maiti, spika za kwaya na chakula cha waombolezaji. Waliofanya kazi yenyewe hawakuwa wafanyakazi, Mungu apishe mbali, mfanyakazi hudai mshahara. Waliitwa prestataires. Ni neno zuri la Kifaransa, na maana yake ni kwamba unafika kazini kabla ya bosi na unalipwa baada ya Yesu kurudi.

Mado alikuwa mpishi wao. Alipika kwa sufuria zake mwenyewe, zile kubwa za kilio ambazo mtoto anaweza kuogea ndani, na zilipopungua akaazima nyingine kwa akina mama wa paroisse, parokia yetu. Siku moja alifika akakuta kufuli. Kampuni imefilisika, wakamwambia, na sufuria zote zimefungiwa bohari.

Rangi ya tangazo la kufungwa haijakauka, nyumba ileile ikafunguka tena kwa jina la Maison Joie Nouvelle, Furaha Mpya, sasa nyumba ya karamu. Viti vilevile. Magari yaleyale. Bosi Jean-Luc sasa anaitwa mshauri, na meneja ni shemeji yake Elie, ambaye hadi juzi alikuwa akiyaosha magari hayo. Mado alipokwenda kuulizia sufuria, Elie ndiye aliyemjibu.

“Mama, Consolation ilikufwa. Siye tuko bantu bengine. Mufu habamuulizake kitu.”

Mado alirudi nyumbani akalitafakari jibu hilo. Sasa, hapa kwetu mtu akiambiwa fulani amekufa, hafungui kesi. Anajifunga kitenge kiunoni na kwenda kulia.

Na ilimbidi aende upesi. Maman Hortense, rais wa akina mama wa paroisse, alikuwa ameapa kwamba sufuria zisiporudi kabla ya Jumapili hii, jina la Mado litasomwa baada ya misa, pamoja na matangazo ya ndoa, kama mtu aliyekula vitu vya kanisa. Mpishi aliyeitwa mwizi kanisani haitwi tena kupika popote. Hata nyumbani kwake wageni watahesabu vijiko kabla ya kuaga.

Ndiyo maana asubuhi hii jeneza, na ndani yake kibao kilichookotwa takatakani, limesimama katikati ya geti la Joie Nouvelle, akina mama wako nyuma yake, na bosi ameshafungua akaona.

“Mutoshe hii kitu apa,” Elie alisema, akionyesha jeneza liondolewe, shingo imemvimba ndani ya kola mpya. “Tuko na ba-invités. Bakubwa ya mine banatoka Kambove.”

“Kilio habaitoshake, Papa Elie,” Mado alijibu kwa upole wa mtu aliyefiwa. “Weye mwenyewe ulisema Consolation ilikufwa. Siye tulisikia buchungu. Tumekuya kulia.”

Akina mama wakaitikia kwa kilio kilichowatimua kuku wa jirani. Maman Hortense alikuwa mbele yao wote, amepiga magoti, anajipigapiga kifua. Mado alikuwa amemwomba aje tu. Hakumwomba apige magoti, lakini Hortense hajawahi kuona kilio akakubali kukaa nyuma yake.

“Polisi,” Elie aliita. “Bakamate bote. Balale mu gereza ya Buluo leo.”

Polisi aliyekodiwa kulinda sherehe alikuwa ameshaliona jeneza, na alikuwa na mama aliyemlea vizuri. Kofia yake ilikuwa kifuani.

“Chef,” alinong'ona, “kilio minye siwezi kukamata. Nitasema nini kwetu?”

Kati ya wageni alikuwamo mkuu wa ununuzi wa mgodi mmoja wa Kambove, bwana mnene, mpole, aliyekuja na kalamu yake kutia sahihi mkataba wa kulisha wafanyakazi wake. Kwa ajili ya kalamu hiyo nyumba ilipakwa rangi, mbuzi walichinjwa, na Elie alinunuliwa kola. Bwana huyo naye akaliona jeneza. Akavua kofia yake ngumu, akamwendea Elie na kumpa mkono wa pole.

“Mes condoléances.”

“Merci,” Elie akasema, kisha akagutuka. “Non, non, patron. Haina mufu yetu. Siye tuko bajirani tu.”

“Jirani muzuri anatoaka viti,” Maman Hortense alidakia kati ya kwikwi mbili.

Angekataaje, mbele ya mteja? Viti vikatoka. Nyuma vilikuwa vimeandikwa Joie Nouvelle kwa rangi ya kijani ambayo bado ilishika nguo, na chini, pale wanapokalia watu, bado viliandikwa Consolation. Akina mama wakaketi. Hema la sherehe likawa hema la msiba, na hakuna aliyelihamisha hata kigingi kimoja.

Hapo Ambroise akaikamata maikrofoni.

Ambroise ni seremala wa majeneza. Hili la leo ndilo la mwisho alilowatengenezea Consolation, hawakulichukua wala kulilipia, na jeneza halina mteja wa rejareja. Ni mtu mkimya. Ana tabia moja ambayo haipendwi mjini, ya kumtazama mtu polepole kuanzia kichwani mpaka miguuni, na ukimwuliza anatazama nini anakwambia hatazami kitu.

Ewe msomaji, kilio chetu unakijua. Kabla ya kuzika, mtu wa familia husimama kueleza ugonjwa. Ulianzaje, walikwenda hospitali gani, dawa gani ilikataa, marehemu alisema nini mwisho. Familia isipoeleza, watu watajielezea wenyewe, na katika maelezo ya watu hakuna marehemu ambaye hakulogwa na shangazi yake.

“Famille ya marehemu haionekane,” Ambroise alisema kwenye maikrofoni. “Bon. Minye nitasema bugonjwa, ju niliishi karibu naye. Bugonjwa ilianza mu tumbo. Marehemu alikuwa anakamata, anakamata, hatoshe. Tulimupa viti, akakamata. Tulimupa majeneza, akakamata. Maman Mado, huyu muko munaona, alimupa mpaka masufuria. Tumbo ikavimba.”

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mwingine akamsaidia kukohoa.

Jean-Luc alisimama ametulia, mikono nyuma. Kuitwa mwizi hakukumkosesha usingizi. Mwizi mwenye suti nzuri huitwa mfanyabiashara, na suti yake ilikuwa nzuri kweli, mkewe Carine aliichagua Lubumbashi. Alingoja upepo upite. Alishapitiwa na upepo mwingi.

Ambroise akamtazama. Kichwani, mabegani, magotini, viatuni.

“Lakini tumbo haina njo ilimuua,” aliendelea. “Ilimuua bulegevu. Mwenye kumulea alikuwa hajue kazi. Alikuwa muntu ya kuuzisha beignets, mandazi, mu barabara, bakamupatia société mu mikono. Ba-clients bakamukimbia moja moja. Mwisho hapakukuwa kazi hata ya siku moja. Marehemu alikufwa na njala.”

Mkuu wa ununuzi akageuza kichwa na kumwangalia Jean-Luc.  Aliangalia tu, kama mtu anayebonyeza papai sokoni.

Hapo ndipo mdomo ulipokiponza kichwa.

Jean-Luc alilizunguka jeneza kwa hatua ndefu, akampokonya Ambroise maikrofoni.

“Ni uongo,” alisema, na sauti ilimtetemeka kwa uchungu wa kweli. “Consolation haikukosaka kazi hata siku moja. Minye njo niliizala. Minye njo niliilisha. Bantu balikuwa banatuita mpaka Kolwezi. Hakuna maison ya kilio mu hii mukini ilikuwa na nguvu sawa ile. Munaweza kuuliza kila muntu apa.”

“Ni kweli, papa,” Mado alisema, na akatikisa kichwa kwa huruma. “Ilikuwa na nguvu mingi. Basi ilikufwa na nini?”

“Haikukufwa na kitu. Ilikuwa muzima. Tulibadirisha paka jina tu.”

Spika za Joie Nouvelle ni nzuri sana. Neno lile lilitoka hemani, likavuka ukuta, likawafikia wauza makaa wa ng'ambo ya barabara, na mmoja wao akamwuliza mwenzake jina gani limebadilishwa.

Elie aliketi kwenye ngazi, taratibu, kama mtu anayekaa ndani ya maji baridi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema kwamba maikrofoni ataing'ang'ania mwenyewe.

“Donc ni maison moja?” mkuu wa ununuzi aliuliza.

Hakungoja jibu. Akairudisha kalamu mfukoni na kuufunga mfuko kwa kifungo.

Jean-Luc alifungua mdomo kurekebisha. Lakini Mado alikuwa ameshamfikia, mkono mbele.

“Pole sana, papa. Pole ya mutoto wako.”

Na Jean-Luc, mzaliwa wa hapahapa, aliyewazika wazazi wake wote wawili kwa viti vya namna hii, aliupokea mkono kabla akili yake haijafika. Ambroise naye akampa pole. Kisha akina mama, mmoja mmoja, kwa foleni, kila mmoja kwa mikono miwili. Mtu akamsogezea benchi ya wafiwa, naye akakaa, kwa sababu mtu anayepewa pole hukaa. Alipokea pole kama mtu aliyeanguka mtoni na kukuta maji ni yaleyale ya kwao.

Basi. Anayepokea pole ndiye mfiwa, na hilo Likasi hata jaji halipindui. Mfiwa ndiye anayeulizwa madeni ya marehemu. Na kabla ya madeni, mfiwa ndiye anayewalisha waliokuja kulia.

“Famille imeonekana,” Mado alisema. “Bantu balilia mingi, njala inabauma. Minye nitapika. Munipe paka masufuria.”

 Jeneza, satini, machozi, yote yalikuwa njia ndefu ya kufikia sentensi hiyo fupi. Mado alifurahi na aliogopa, na hakujua lipi limezidi.

Jean-Luc alimtazama shemeji yake. Shemeji akatazama viatu vyake.

“Mu dépôt hakuna masufuria,” Elie alisema.

“Mado, achia tu,” Maman Hortense akaingilia upesi. Alikuwa amenyanyuka, na machozi yalikuwa yamekauka kwa kasi ya ajabu. “Tutakunywa chai na mikate, inatosha. Leo ni siku ya kulia, haina ya sufuria.”

Mado akamgeukia. Mwanamke huyu alikuwa amemfuata wiki baada ya wiki kwa ajili ya sufuria. Alimfuata sokoni, alimfuata kisimani, alimfuata hata siku mtoto wake ana homa, akasimama mlangoni na kusema sufuria hazina homa. Leo sufuria ziko umbali wa ukuta mmoja, na anatosheka na mikate.

“Iko wapi, Papa Elie?” Mado aliuliza.

“Uende nyuma,” Elie akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwa meneja. “Mu cuisine.”

Nyuma ya bohari mbabula, majiko yetu ya bati, zilikuwa zimepangwa ukutani, makaa yamekolea, na juu yake zilikaa sufuria. Zimepakwa kijani, zimeandikwa herufi mpya ubavuni. Mado hakuhitaji kusoma. Ile yenye sikio lililochomelewa upya ilikuwa yake, aliinunua mwaka aliomzaa kifungua mimba wake. Ile yenye msalaba uliochongwa kwa msumari chini ya mdomo ilikuwa ya akina mama wa paroisse. Zote zilikuwapo. Ndani yake nyama ya mbuzi ya wageni ilikuwa ikichemka.

Aliyekuwa akikoroga ni Angèle, binti wa Maman Hortense. Alipomwona Mado, mwiko ulisimama.

“Yaya Mado,” alisema, kwa heshima ya dada mkubwa. “Maman hakukuambiaka?”

“Kuniambia nini?”

Angèle aliangalia huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kumjibia.

“Hii masufuria haikulalaka mu dépôt, yaya. Siku ile banafunga Consolation, maman aliitosha inje yote na gari ya Papa Elie. Ya paroisse na yako. Aliniambia ulimuachia yako ju ya deni. Kiisha Joie Nouvelle ilifunguka, bakaanza kumulipa location, kodi ya masufuria. Anasema inaingia mu caisse, sanduku ya feza ya bamama.”

“Hiyo caisse, ni nani anaichungaka?”

Angèle akarudi kukoroga nyama ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Mado aliketi juu ya gunia la makaa. Alikumbuka usiku mzima aliokaa akimwomba Maman Hortense amwongezee muda, na jinsi Hortense alivyomshika bega na kumwambia Mungu anaona. Alitaka kulia, lakini machozi yake yote alikuwa ameyamalizia kibao cha bati. Hasira ikaja badala yake, ikampanda taratibu kutoka tumboni, na akaiacha ipande.

Ukutani, juu ya kichwa chake, spika ilikohoa. Ilikuwa sauti ya Maman Hortense.

“Bamama na bapapa, sasa njo wakati. Kama iko muntu marehemu alibakia na deni yake, akuye aseme mbele ya famille. Lakini tuanze na siye benyewe. Kati yetu iko muntu alikula masufuria ya kanisa. Nilitaka kungoya misa ya Dimanche. Lakini kilio ni fasi ya kweli, minye siwezi kunyamaza. Jina yake ni Mado.”

Hakuwa mjinga Maman Hortense. Alimwona Mado akikata kona kwenda jikoni, akajua kitakachotoka huko, akapiga yeye kwanza. Nje, umati ulinong'ona, na mnong'ono ule Mado aliujua. Ndio mnong'ono alioukimbia kwa wiki zote hizi, nao umemfikia siku ya Alhamisi, kwa spika, mbele ya polisi, mgodi na nusu ya Kikula.

Alisimama. Akafungua kitenge kiunoni, akakizungushia sikio moja la sufuria ya msalaba, ile iliyojaa nyama hadi shingoni. Sasa, sufuria ya kilio ikijaa haibebwi na mtu mmoja. Hata Mado, mwenye mikono ya kuponda mihogo, hawezi. Ina masikio mawili kwa sababu hiyo.

“Kamata kule,” alimwambia Angèle.

Angèle hakusogea.

“Ni maman yangu, yaya.”

“Najua.”

Spika iliendelea. Ilisema Mado alizaliwa na mkono mrefu. Ilisema hata wanawe wanakula kwa sahani za watu. Angèle alisikiliza, ameinamisha kichwa. Mado ndiye aliyemfundisha kupika kwa ajili ya umati, namna ya kupima chumvi kwa kiganja, namna ya kugeuza bukari, ugali wetu, bila kuungua. Mama yake alimfundisha nyimbo.

Binti aliweka mwiko chini. Akajipangusa mikono kwenye sketi, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja, na kulishika sikio la pili.

Walitokea konani wakienda upande upande, mvuke ukiwapanda usoni. Wa kwanza kuwaona walikuwa akina mama wa kiti cha nyuma. Mmoja akamgusa mwenzake goti. Mnong'ono ulikatika safu kwa safu, mpaka iliyobaki ikisikika ilikuwa sauti ya Hortense peke yake, inasema Mado alijificha, haya inamushika, kama iko na roho safi akuye apa.

Akaja. Waliitua sufuria kando ya jeneza.  Mado aliizungusha kidogo kwa kitenge, mpaka ule upande uliochongwa ukawaelekea wenye vyombo. Akina mama waliinama, wakaangalia msalaba wao. Wakaangalia rangi ya kijani. Kisha wakaangalia ni nani ameshika sikio la pili, na hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa ugonjwa.

Jean-Luc Banza alikuwa bado kwenye benchi ya wafiwa. Mkataba ulikuwa umeondoka na kalamu yake, mkuu wa ununuzi alikuwa ameshafika kwenye gari. Mtu aliyeaibika peke yake hupenda kupata mwenzake. Aliitazama sufuria aliyokuwa akiilipia kodi, akamtazama aliyekuwa akiipokea kodi hiyo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu. Alisogea kidogo na kupapasa nafasi iliyobaki kando yake.

“Maman Hortense,” alisema kwa upole, “kuya uikale. Famille iko apa.”

Hortense aliitazama benchi. Akamtazama binti yake, ambaye hakuwa ameliachia sikio la sufuria. Kisha akavuta pumzi na, kama Jean-Luc kabla yake, akaileta maikrofoni mdomoni.